Sekunde Kumi na Moja

Ndicho hicho kiuno changu, kwenye runinga ya saluni,
hapa Magomeni, Mtwara, umeme ukiwapo.
Kinapita sekunde kumi na moja. Nimezihesabu
kwa rasta: msokoto mmoja, sekunde moja.

Mama Nahoda, kichwa chake magotini pangu,
anasema, "Hawa watoto wa Dar hawana haya."
Namwambia, "Tulia, nitakuvuta."
Hajui kwamba mkono unaomsuka
na kiuno anachokisonyea
jana vimelala kitanda kimoja.

Kovu ndilo lingenitambulisha.
Nilikuwa na miaka sita, bibi anakaanga korosho Nanyamba,
mafuta ya ganda yakaniruka, hapa, juu ya nyonga,
yakaacha alama kama kisiwa.
Dairekta aliitazama kama inzi kwenye chai.
Wakaipaka poda. Jasho likaikataa poda.
"Tutaifuta kwenye kompyuta," akasema,
na kweli walifuta:
kisiwa, bibi, na kilio cha siku ile.
Uso wangu hawakuufuta.
Hawakuupiga kabisa.

Kucheza kule nilifundwa ndani,
mlango umekomewa, wanaume wamefukuzwa hadi mtaa wa pili,
Somo Binuru anapiga debe kwa kiganja:
"Hiki ni cha kuzungumza, mwanangu,
na anayezungumza hungoja jibu."
Dairekta hakujibu. Alisema: rudia.
Nikarudia mara kumi na nne
mbele ya gari lisilo na dereva.

Gari lilikuwa la mnunuzi wa korosho,
limekodiwa kwa saa, mwenyewe kivulini anatazama simu, anahesabu.
Kwenye buti magunia matupu, vumbi jekundu la Newala.
Juu ya boneti, Mfalme Chuma,
yaani Shaibu Nampota wa Chikongola,
tulikaa dawati moja darasa la tano,
anaogopa mbwa, gia ya kwanza haijui iliko.
Cheni ya duka. Miwani ya dairekta.
Viatu vya kaka yake, vinabana.

Mimi niliambiwa: cheka.
Yeye aliambiwa: usicheke.
"Dume halichekicheki. Kaza taya.
Mtazame kama umeshamlipia."
Jandoni walimkataza kulia,
Shangani wakamkataza kucheka.
Sasa mtu halii, mtu hacheki,
uso kapewa wa kazi gani?

Lakini walipokuwa wanabadilisha betri
alivua viatu, akatoa korosho kwenye karatasi ya daftari,
tukala tumeegemea tairi.
Akaniambia mama yake kauliza
kama kwenye video atavaa sweta,
maana upepo wa huku haumpendi kifua.
Tukacheka mpaka korosho ikampalia,
nikampiga mgongoni, machozi yakamtoka:
vyote viwili, palepale, bure,
kamera imezimwa.

Wimbo umerudi tena. Umeombwa, wanasema.
Binti wa Mama Nahoda, miaka minane,
kasimama mbele ya kioo ananiiga bila kujua.
Anakosea. Anatupa kiuno kama anakung'uta mkeka.
Sijui nimkataze
au nimwonyeshe kwamba huanzia kwenye pumzi.
Mama yake kacheka kidogo, kisha kajikuta, kafoka: "Wee!"
Na mdogo mtu, wa kiume, ukutani,
kakunja mikono, kakaza taya, kanikazia macho
kama mtu anayedai,
naye meno mawili ya mbele hana.

Nimeweka chanuo chini.
Nimeanza na huyu. Nimemtekenya ubavuni.
Anajikaza.
Bado anajikaza.
Pengo linachungulia.